Pua ya Nathanaeli na Nukta Nyekundu

Kabla hajapewa simu, Nathanaeli wa Vudee alikuwa na pua. Kila mtu ana pua, lakini ya Nathanaeli ilikuwa na cheo. Alisimama uani asubuhi, akavuta hewa mara mbili, akakwambia: huu ni moshi wa mabua, wanasafisha mashamba kule Bendera, kaa utulie, au huu ni wa nyasi za juu huko, inuka. Akisema inuka, alitungua ukutani pembe ya marehemu baba yake, akaipuliza, na kijiji kizima kikaja kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, na matawi mabichi mkononi. Hakuwahi kukosea. Ndiyo maana walipomchagua mwenyekiti wa kamati ya moto, hakuna aliyeshindana naye.

Kisha maendeleo yakamkuta. Mradi mmoja ulimwita Same mjini kwenye semina ya siku mbili, akala wali kwa kuku, akarudi na fulana, kofia na simu yenye ramani ya setilaiti. Chombo kinapita juu mara chache kwa siku, alimweleza mkewe Justa, na kikiona joto kali ardhini kinaweka nukta nyekundu.

"Kwa hiyo kinaona moto kabla yako?" Justa aliuliza.

"Kinaona dunia nzima," alijibu Nathanaeli, utadhani amekirusha yeye. Tangu siku hiyo hakunusa tena. Pua ya nini kwa mtu mwenye dunia nzima mfukoni?

Nukta ya kwanza ilikuja Agosti, saa nane mchana, chini bondeni. Nathanaeli hakutoka hata nje kutazama. Alipuliza pembe mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Watu waliacha makande yao wakateremka mbio na ndoo za maji, wakakuta tanuru la Eliaichi, aliyekuwa akichoma matofali ya nyumba ya mwanawe, linawaka vizuri kama linavyotakiwa. Wa mbele, kwa bidii ya msaragambo, walikuwa wameshamwaga maji. Matofali yakapasuka moja baada ya jingine. Eliaichi hakupiga kelele.

"Mwenyekiti," alisema, "safari ijayo chombo chako kikiniona naota moto jikoni, nipigie kwanza."

Kijiji kilicheka mwezi mzima, na kicheko kingevumilika. Baya ni kwamba watu walianza kusema pembe ile sasa ni ya mchezo, ikilia tena watamaliza kwanza kula. Hapo Nathanaeli aliogopa. Juu ya kijiji kuna msitu mdogo wenye chemchemi, na chemchemi hiyo ndiyo inayojaza ndiva, bwawa linalomwagilia mashamba yao yote. Msitu ukiwaka na watu wasije, Vudee ingebaki kumwagilia kwa hotuba. Akaapa hatagusa pembe bila nukta juu ya msitu wenyewe.

Oktoba, siku moja ya ukungu mzito, alikuwa uani akipukuchua mahindi pua ilipomwasha. Nyasi za juu, na majani ya msituni. Harufu ile aliijua. Akatoa simu, ramani safi. Walifundishwa kwenye semina kwamba ukungu unakiziba chombo macho, naye aliandika daftarini na kupigia mstari. Lakini aliendelea kukaa.

"Baba Asteria, huo ni moshi wa kule chemchemi," alisema Justa.

"Simu haijasema."

"Simu haina pua."

"Nikipuliza bure mara ya pili, hawatakuja tena."

"Na usipopuliza?"

Nathanaeli akafungua ramani upya. Aibu ilikuwa imemshika miguu.

Justa akatungua pembe mwenyewe. Mwanamke hakuwahi kuipuliza, na ilisikika hivyo: ilitoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Watu walitoka majumbani kuja kucheka, na walipofika nje wakanusa wenyewe. Walipanda mbio, Nathanaeli nyuma yao na koleo. Mpaka jioni walikuwa wameuzima, hatua arobaini kutoka kwenye chemchemi.

Nukta ilifika kesho yake mchana, ukungu ulipoondoka, juu ya gogo lililokuwa bado linafuka. Nathanaeli akatuma taarifa kama alivyofundishwa: moto umeonekana, umezimwa. Wakubwa wa mradi walipiga hesabu ya muda toka nukta mpaka kuzimwa, wakapata dakika sifuri. Wiki ya tatu walipanda mlima kwa magari mawili kumletea cheti.

"Mwenyekiti, waeleze wenzako ulivyoitumia teknolojia," alisema mkubwa wao.

Nathanaeli alisimama, akamtafuta mkewe kwa macho. Justa alikuwa nyuma kabisa, anawapakulia wageni.

"Ni pua ya mke wangu," alisema. "Mimi nilikuwa naangalia simu. Niliogopa kuchekwa kuliko moto."

Wageni walicheka mpaka machozi, wakampigia makofi kwa ucheshi wake, kisha wakaandika: setilaiti.

Siku ileile alimkabidhi Justa pembe. Cheti alikipeleka jikoni, akakipigilia msumari juu ya mafiga, karibu na mahindi ya mbegu.

"Hapo si kitaharibika kwa moshi?" Justa aliuliza.

"Kitaharibika," alisema Nathanaeli. "Tuone kama watapata nukta."