Chumba Kilichokataa Paa

Watu humletea kaka yangu nyumba zilizoharibikia ndani ya kompyuta. Ndiyo kazi yake. Mchoraji amechora nyumba ya mteja, amebonyeza paa lije, paa limekuja limekaa upande kama kofia ya mlevi. Au ukuta wa jikoni umeishia hewani. Au ngazi zimepanda vizuri tu, zikatokea chooni. Hapo mtu anabeba kompyuta yake mpaka kwenye kile kiofisi chake cha meza moja na feni moja, juu ya duka la rangi, anasema, Rula, niokoe. Rula ni jina walilompa wao, kwa jinsi anavyotembea wima na kusema kidogo. Hata mimi, mdogo wake wa tumbo moja, humwita hivyo nikikasirika, na mimi kukasirika si kazi ngumu.

Huwauliza maswali matatu tu, siku zote kwa mpangilio uleule. Kuta zina urefu mmoja? Umeziandika kuwa za nje au za ndani? Zimefungana? Wengi huja wameshaitukana programu mpaka mate yamewakauka, kumbe kona mbili hazijagusana, zimeachana nafasi ya kupitisha karatasi, na programu haijui nyumba inaishia wapi, kwa hiyo haiezeki. Mwingine kwenye mipangilio ameacha futi huku yeye anaandika mita, nyumba ya familia imekuwa ya kufugia kuku. Kaka hawacheki. Anarekebisha, anasema "sawa", anamrudishia mtu kitu chake.

Hilo "sawa" ndilo lililotaka kunitia wazimu mwaka huu.

Mama alifariki mwezi wa tatu. Mimi nililia mpaka sauti ikakauka. Kaka alipanga viti, akapokea wageni, akaosha vikombe, siku ya nne akarudi kazini. Shangazi hakuweza kunyamaza; alisema mbele za watu kwamba mtoto huyu ana moyo wa jiwe, na kilichoniuma ni kwamba nilimwamini. Nikimuuliza umelala, sawa. Umeshiba, sawa. Siku moja nilisahau chumvi kabisa kwenye maharage, wanangu wawili wakasukuma sahani, yeye akala mpaka mwisho. Nikamuuliza chakula vipi. Sawa. Leo najua alikuwa amekufa ganzi. Wakati ule niliita dharau.

Tunaishi nyumba moja, ile ya wazazi. Mimi nilirudi na wanangu ndoa yangu ilipovunjika. Chumba cha Mama ni cha kona, mwisho wa korido. Mimi huingia kufagia. Yeye tangu tumzike hakuwa amegusa kitasa. Akipita pale aliongeza mwendo, mtu mzima na ndevu zake.

Sasa, paa letu lilikuwa limeoza. Mabati yametoboka, mbao zimeliwa na mchwa. Fundi alipanda juu, akashuka kwa adabu sana, akasema mvua kubwa moja tu na vyote vitatulalia. Alikuwa na nafasi Jumatatu moja. Baada ya hapo alikuwa anakwenda kwenye kazi ya miezi miwili mahali pengine, na mvua zilikuwa wiki mbili mbele yetu. Alitaka kuliezeka upya kwa mteremko mkali zaidi, lakini ofisi ya vibali haikubali paa libadilishwe umbo bila mchoro wa nyumba nzima, na mchoro ulitakiwa ufike Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Nikasema moyoni, ah, hilo nalo ni tatizo? Daktari wa mapaa si tunaye ndani.

Jumapili akapima nyumba. Nilimshikia ncha ya tepu, ile ya chuma, yeye akasoma namba na kuandika. Sebule, jikoni, chumba changu, chake, cha watoto, korido. Kufika mwisho wa korido akaikunja tepu. Akasema cha pale vipimo anavyo. Akaenda kutoa daftari lake la chuoni, lenye jalada la bluu, maana kazi yake ya kwanza kabisa alipokuwa mwanafunzi ilikuwa kuchora nyumba ya kwao. Nilijua anaukwepa mlango, na nilimwona mwoga, lakini namba ni namba.

Jumatatu akachora. Akabonyeza paa. Likaja zuri juu ya nyumba yote, isipokuwa kona ya Mama. Pale kuta zilisimama wazi, hakuna kitu juu.

Akajiuliza yale maswali yake matatu. Urefu wa kuta, sawa. Za nje na za ndani, sawa. Mipangilio akaipitia yote, mita, unene wa ukuta, mteremko wa paa, sawa. Kufungana ndipo palipokataa. Ukuta wa nje wa chumba cha Mama haukufika pale ulipotakiwa kukutana na ule wa sebule. Ulikuwa umebaki ndani, pengo la sentimita ishirini na sita. Nikamwambia si auvute tu na hicho kipanya yaishe. Akanitazama. Akasema fundi atakata mbao kwa namba hizi, na akikata za uongo hazitafika ukutani.

Kwa nje hapakupimika, maana upande ule ukuta wa jirani umebanana na wetu, hata paka hupita kwa kujipunguza. Kwa hiyo Jumanne akapima sebule upya. Akapima jikoni na vyumba. Jumatano sebule tena. Akafuta faili lote, akaanza moja, akachora ukuta mmoja mmoja. Alhamisi akarudia. Kila mara paa lilikuja likatufunika sote, likaiacha kona ya Mama. Nami nilizunguka na ufagio wangu nikigonga miguu ya meza makusudi, nikitaka walau apandishe sauti. Wapi.

Alhamisi jioni fundi alipiga simu kuuliza kama aje Jumatatu au ashike mambo mengine. Kaka akamjibu "sawa". Nikamnyang'anya simu, nikasema aje.

Ijumaa saa mbili asubuhi wanangu walikuwa wameshakwenda shule. Kaka yuko sebuleni amepiga magoti, anaipima mara ya nne. Nikachoka.

"Kuna chumba hujakipima," nikamwambia.

"Nilikipima."

"Lini?"

"Nikiwa chuoni."

Nikamtoa tepu mkononi, nikaenda mwisho wa korido, nikafungua mlango, nikasimama ndani. Nilikuwa nimeshapanga maneno makali ya kumtupia asipokuja, na niliyapanga vizuri. Hayakuhitajika. Alikuja polepole, akasimama kizingitini, akaangalia gauni la nyumbani la Mama nyuma ya mlango, ndala zake chini ya kitanda, kopo lake la mafuta dirishani. Uso haukubadilika hata kidogo. Akaingia.

Akaniambia niibane ncha ya tepu ukutani kabisa. Akasoma upande wa pili. Mita tatu na sentimita sitini na mbili. Akasoma tena, ileile. Akafungua daftari la bluu: tatu na thelathini na sita. Mwandiko ulikuwa wangu, wa kitoto, namba zimelala. Siku ile nilikuwa na miaka tisa na kazi yangu ilikuwa kuandika. Nikaona aibu. Wiki nzima nimemsema, kumbe mimi.

"Nilikosea kuandika," nikasema.

Akatikisa kichwa. Alikuwa anatazama ukuta nyuma yangu. "Egemea hapo," akasema. "Ncha ishike hapa." Akagusa tumbo lake.

Hapo nikakumbuka. Siku ile tulimwita Mama kutoka jikoni aje atushikie ncha. Alikuja na mikono imelowa, amechoka, akaegemeza mgongo ukutani apumzike kidogo, akaishika ncha kwenye fundo la aproni yake, akasema someni upesi, chakula kinaungua. Kaka akasoma kutoka upande wa pili. Mimi nikaandika. Hakuna kati yetu aliyeona kwamba tulikuwa tunapima mpaka kwa Mama, si mpaka ukutani.

Nikaegemea. Watu husema mwili wa Mama nimeuchukua wote. Nikaishika ncha tumboni, Kaka akarudi nyuma mpaka ukuta wa pili, akasoma. Tatu na thelathini na saba. Nimepungua sentimita moja tu kumfikia Mama.

Akaketi kitandani, kwenye godoro tupu. Saa zilikuwa zinakwenda, nami kwa mara ya kwanza mwaka huu sikuwa na hasira ya kumpa mtu.

"Nikisahihisha hapa," akasema, "Mama anatoka."

Nikasema lililokuja mdomoni: "Yeye mwenyewe angekwambia andika upesi, chakula kinaungua."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kweli, mabega yakatikisika, halafu katikati kikageuka, akalia kilio kibaya cha mtu asiyejua namna ya kulia, mdomo wazi, tepu bado mkononi. Niliketi karibu naye. Nilimwonea huruma, na Shangazi nilimkasirikia, na mimi mwenyewe nikajikasirikia zaidi. Sikumwambia anyamaze.

Saa tano kasoro akanawa uso, akarudi mezani, akaandika tatu na sitini na mbili. Kuta zikakutana. Akabonyeza, paa likaja, likafunika nyumba nzima mpaka kona. Mchoro ulifika ofisini dakika ishirini kabla ya muda, na yule karani akaupiga muhuri bila hata kuutazama vizuri. Jumatatu fundi alikuwa juu na nyundo yake.

Lakini ile Ijumaa jioni nilipika maharage. Nikamuuliza Kaka kama ameshiba, huku mkono umeshaifikia sahani yake niiondoe, maana jibu nalijua. Akaishika. Akasema bado, nimwongezee, na kwamba chumvi leo nimeipunja.