Kigari Kilichokataa Kusimama

Jumatatu asubuhi, kwenye basi la barabara ya Finch, nilisimama karibu na mama mmoja na binti yake wa miaka kama minane. Binti alipata kiti. Mapajani alipakata kigari alichokiunda kwa boksi la maziwa na vifuniko vya chupa, kazi ya shule kuhusu kani na mwendo.

"Kishike vizuri," mama alimwambia. "Kikivunjika utamwambia nini mwalimu?"

"Nimekishika," binti akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto wetu wa huku ughaibuni.

Dereva akakanyaga breki. Kigari kikachomoka, kikabingirika hadi mbele huku abiria wakiinua miguu kukipisha. Mama naye akaniangukia begani.

"Samahani, kaka," akaniambia, kisha akamgeukia binti. "Nani amekisukuma?"

"Hakuna. Basi limesimama, chenyewe kilikuwa bado kinaenda." Akafikiri kidogo. "Kama wewe."

Abiria wakakirudisha mkono kwa mkono, gurudumu moja likining'inia. Mama akachomoa pini kichwani, akalikaza, akalizungusha kwa kidole. Likazunguka. Binti akashusha pumzi.

Sisi wengine somo hilo tulilikariri kutoka ubaoni, na hakuna aliyebahatika kumwona mama yake akiwa mfano.

Basi lilipoanza kuondoka, binti akasema tena, "Mama, shika chuma. Kitu kizito ni kigumu kukisimamisha."

Mama akamkazia macho, kisha akashika. Nami nikashika, kimyakimya.