Pole ya Dullah

Bi Sihaba, Mzanzibari mnunuzi wa jinzi za Xintang, Uchina, alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuliacha jambo bila kulichokonoa. Ndiyo maana Dullah, mwanafunzi aliyefutiwa viza, alipomwomba amkalimanie mbele ya jopo la rufaa, aliuacha mzigo wake ukisubiri kontena bandarini Huangpu, akaenda. Jopo likikataa, kijana angefungasha virago na udaktari wake uishie njiani.

Kesi yenyewe ilimtatiza. Mahakama ilikuwa imemtia Dullah hatiani mara mbili: kwanza kwa kumwangusha mzee wa baiskeli, kisha kwa kumsukuma mama mmoja sokoni hadi vyombo vyake vikavunjika. Dullah aliapa kuwa wote wawili aliwakuta wameshaanguka, akawainua. Sasa mbona kote kuwili alikiri? Mashahidi walimsikia kwa masikio yao: "Duibuqi, duibuqi." Nisamehe, nisamehe.

Kosa moja haliachi mke, Bi Sihaba alijisemea, lakini mawili?

Walipokuwa wakipanda ngazi za ofisi ile, buibui likamtega, akajikwaa.

"Pole, Bi Sihaba," Dullah akasema nyuma yake.

Bi Sihaba akasimama pale pale. "Hebu. Hiyo pole, kwa Kichina unaisemaje?"

"Duibuqi."

"Nani kakufunza?"

"Kamusi. Duibuqi ni sori. Na sori si ndiyo pole?"

Bi Sihaba aliketi kwenye ngazi akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha kicheko kikamkauka, maana aliona jinsi mtoto wa watu alivyojifunga kwa ulimi wake mwenyewe, tena kwa huruma.

Ndani, mwenyekiti wa jopo alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na kumbe naye alikuwa mchokonozi. Bi Sihaba alipomweleza, aliweka kalamu chini akaanza kuuliza. Mgonjwa je? Pole. Mfiwa? Pole. Aliyetoka kazini, ambaye hakupatwa na lolote? Pole na kazi. Wenzake wawili wakatabasamu. Na anayeambiwa pole, hujibu nini?

"Nimeshapoa," Bi Sihaba alisema. "Hata kama hajapoa."

Mama yule akalijaribu neno kimya kimya, midomo ikicheza. Walipotolewa nje kusubiri, Dullah alianza kuzungumzia mitihani, na Bi Sihaba, Mungu amsamehe, alishaanza kuwaza pilau.

Wakaitwa. Mwenyekiti alisoma taratibu: jopo limeelewa, ila halina uwezo wa kutengua hukumu za mahakama, na maadamu hukumu zipo, viza imefutwa. Bi Sihaba alitafsiri kwa ulimi mzito.

Mama yule akavua miwani, akamtazama Dullah.

"Po-le," akasema.

Mdomo wa Dullah ulifunguka wenyewe, machozi yakimtiririka.

"Nimeshapoa, mama."