Mafiga Yaliyobaki Mahameni

Mashavu alikuwa mtu wa kupika. Huko bondeni kwao, upande wa Kwaluguru, ukipita nyumbani kwake mchana ulikuta chungu kinachemka, na ukijifanya una haraka alikushika mkono akakuketisha. Kisamvu alikitwanga mpaka kikalainika kama kanga iliyofuliwa mara mia. Mchunga, ambao wengine huula wamekunja uso, yeye aliuchemsha, akamwaga maji ya kwanza, akautia karanga za kusaga, na watoto wakagombania kulamba mwiko. Nyama ilionekana Idi na harusini tu, kwa hiyo sifa zake hazikuwa za nyama. Zilikuwa za majani, kunde na mikono yake.

Sasa ilikuwaje mtu kama huyo akachoka na jiko?

Yalianza siku ya lori. Mwaka 1974 watu walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, na Semboja, balozi wa nyumba kumi, alipita kila mlango akihimiza watu wapakie. Mashavu alipakia kinu na mchi, vyungu viwili, mkeka, jembe, na mfuko wa kunde za mbegu. Mafiga hakuyagusa. Yalikuwa mawe matatu ya mviringo, meusi kwa masizi, aliyokabidhiwa na mama mkwe siku alipoingia katika nyumba ile akiwa bibi harusi. Mumewe alikwisha kufa, mama mkwe naye alikwisha kufa, mawe yalibaki.

"Mafiga je, mama?" Semboja aliuliza.

"Yaache hapo. Yananingoja."

Mama yake mzazi alikuwa amemfundisha kwamba mwanamke anayehama kweli hubeba mafiga yake. Anayeyaacha hajahama, ametoka matembezi. Mashavu akapanda lori kama mtu anayekwenda kusalimia ndugu, akaketi juu ya kinu chake, wala hakugeuka nyuma.

Matembezi yakawa mwaka mzima. Kijiji kipya kilikuwa kwenye tambarare kando ya barabara, na udongo wake ulikuwa mchanga mtupu. Ungetafuta jiwe la ukubwa wa yai usilipate. Mashavu akachukua matofali matatu mabichi yaliyosalia ujenzini, akayapanga kwenye kona ya jiko, akateleka chungu juu yake. Ya nini kuhangaikia jiko la mtu anayeondoka kesho? Kila siku akasonga ugali wa unga wa njano wa msaada, maana mvua ilikuwa imegoma, akachemsha mlenda, akaita watu wale. Siku moja Mwaija, bintiye, alionja akasema, "Mama, leo umesahau chumvi."

"Sikusahau. Sikuwa na hamu ya kuinuka kuifuata."

Mwaija alicheka, akidhani ni utani. Alikuwa amerudi kwa mamaye kujifungua, kama ilivyo ada kwa mimba ya kwanza, akitoka Korogwe alikoishi na mumewe Kibwana, mkata mkonge. Alijifungua salama mtoto wa kike. Siku ya saba wakamwita Mwantumu.

Lakini kufika siku ya tisa, Mwantumu alikuwa akinyonya kidogo, anaachia ziwa, analia. Ananyonya tena, anaachia, analia. Mama wa zahanati alimtazama akasema mtoto hana ugonjwa. "Mzazi ale ashibe, anywe vya moto, na mtoto awekwe ziwani kila mara. Maziwa yatakuja." Rahisi kusema. Kuku wote wa kijiji walikuwa wamekwisha kwa kideri, supu ingetoka wapi? Na Mwaija alikuwa akimeza matonge mawili, anasogeza sahani.

"Mama, usinikasirikie," alisema siku hiyo, macho chini. "Chakula hiki hakishuki."

Mashavu hakukasirika. Alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba. Miaka yote watu walikuwa wakimwomba waongezewe. Sasa mtoto wa tumbo lake alikuwa anashindwa kumeza alichopika yeye, na mjukuu analia kwa sababu hiyo.

Kesho yake asubuhi akafika Kibwana na kikapu. Kwa heshima ya mkwe hakukaribia jiko. Alichuchumaa mbali kidogo, akatazama pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umebeba nini?"

"Kweme, mama. Nimezipata Korogwe ya zamani. Mama wa Kisambaa aliyeziteremsha kutoka milimani amesema mzazi akinywa uji wake, mtoto atapaliwa kwa wingi wa maziwa."

Mashavu alizitambua. Mbegu bapa, kubwa, zenye ganda gumu lililosukwa nyuzi kama kikapu, na ndani kiini cheupe chenye mafuta mengi. Akamenya nusu yake mpaka kucha zikauma, akazikaanga, akazitwanga, akazitia kwenye uji. Uji wa kweme hautaki haraka: unataka moto mdogo wa muda mrefu, na mwiko usiopumzika. Akakoroga. Harufu ikaanza kupanda, na Mwaija akaita kutoka ndani, "Mama, ni nini hicho?" Mashavu akahisi kitu kinaamka kifuani.

Ndipo tofali moja, lililokuwa likipasuka polepole kwa mwaka mzima, likakatika. Chungu kikainama, kikalala. Uji wote ukaingia majivuni.

Mashavu akakaa chini palepale, mwiko mkononi.

Hivyo ndivyo Naanyu alivyomkuta. Naanyu alikuwa Mmasai wa boma la nje ya kijiji, na alikuwa akipita na punda wake wawili kufuata maji.

"Mama Mwaija, unawapikia siafu?"

"Niache, Naanyu. Nimemwaga kweme za mzazi."

Naanyu akainama akaokota punje, akainusa. "Kwetu mzazi anakunywa mafuta ya kondoo. Nyinyi mnampa mbegu. Mngekuwa mbuzi mngenenepa sana."

"Na nyinyi ng'ombe wakienda mbali mnabaki mnalia."

"Mwaka huu tunalia," Naanyu alikubali. "Vijana wamewapeleka kwenye maji, sijui watarudi lini. Ningekuwa na maziwa ningekuletea, unajua." Akayatazama matofali. "Lakini wewe ni mtu mzima. Unapikaje juu ya udongo? Mawe yako yako wapi?"

Mashavu akaokota kipande cha tofali. "Nyumbani," alisema.

"Nyumbani si hapa?"

Ndani mtoto akaanza kulia tena. Mashavu akasikiliza kilio kile mpaka kikamtosha, kisha akasimama, akakung'uta majivu kwenye kanga.

"Niazime punda mmoja."

Kibwana alisikia akainuka. "Mama, nielekeze, nitayafuata mimi."

"Mafiga ya mwanamke hayafuatwi na mkwe, baba. Wewe kaa umwangalie mkeo. Muda wote mtoto awe ziwani."

Ulikuwa mwendo wa saa mbili, na Naanyu aliamua kwenda naye, maana, alisema, punda wake hajui Kizigua. Walipofika, mahame yalikuwa kimya. Paa lilikuwa limeanguka, ukuta mmoja umelala. Katikati ya magugu makavu mafiga yalikuwa yamekaa vilevile, yameelekeana kama wazee watatu wanaozungumza, na mjusi akiota jua juu ya moja.

Mashavu aliyatazama sana. Alijua akiinua la kwanza, amehama.

"Ni mazito?" Naanyu aliuliza.

"Sana."

Akainua la kwanza mwenyewe. Chini yake udongo ulikuwa bado mwekundu kwa mioto ya miaka ishirini. La pili Naanyu akamsaidia. La tatu Mashavu alilipakata kidogo kama mtoto, kisha akalitia kwenye shogi la punda. Alipogeuka aliona miti yake ya mbaazi nyuma ya jalala la zamani. Ukame haukuiua, ilikuwa imejaa maganda, na hapana aliyevuna. Akavuna mpaka kanga ikajaa.

Alasiri hiyohiyo alichimba vishimo vitatu katika jiko lake la kijiji kipya, akayapanda mafiga, akayatikisa moja moja. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Haya yalikuwa matatu, na hakuna lililocheza. Akamenya kweme zilizobaki, akapika uji upya kwa moto mdogo, bila kuondoka. Chungu cha pili kikafuata, cha mbaazi na karanga alizopewa na jirani. Chumvi aliinuka kuifuata, akaionja mara mbili.

Mwaija alikunywa bakuli la uji lote. Akala mbaazi. Kisha akasema kwa sauti ya utoto wake, "Kuna nyingine?"

Mashavu akageuka upesi upande wa moto, akajifanya moshi umemwingia machoni.

Alipika hivyo siku tatu, na mtoto hakutolewa ziwani. Siku ya nne, saa za adhuhuri, Mwaija alimwita mamaye amtazame. Kanga yake ilikuwa imelowa kifuani pande zote mbili. Mwantumu alikuwa ameachia ziwa, lakini hakulia. Alikuwa amelala, mdomo wazi, tone jeupe likimshuka kidevuni.

Semboja alipopita jioni ile kukagua nyumba zake kumi, alichungulia jikoni akaona mafiga.

"Kumbe mama umehamia."

"Nimehamia," Mashavu alisema. "Ukienda mtoni kesho nichumie mchunga, baba. Mzazi wangu ameanza kuchagua chakula."