Kumbukumbu Mpya kwa Kompyuta ya Shangazi

Nyumbani walimwita Wakili tangu akiwa msichana mdogo, kwa sababu hakuwahi kukubali kosa hata siku moja. Glasi ikivunjika, kosa ni la meza. Akichelewa shule, kosa ni la saa ya ukutani. Alipochaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea sheria, hakuna aliyeshangaa. Mama yake alisema tu kwamba afadhali, sasa atakuwa akilipwa.

Alikaa kwa shangazi yake, karibu na chuo. Shangazi alikuwa mpiga chapa mstaafu wa ofisi moja kubwa, na siku ya kumuaga walimpa hotuba ndefu, shada la maua, na kompyuta ya mezani ambayo hakuna mtu mwingine ofisini aliyekubali kuichukua. Yeye aliipokea kwa mikono miwili. Aliiweka kwenye kona ya sebule, akaishonea kifuniko cha kitambaa, na kila asubuhi ndicho kitu cha kwanza alichokipangusa.

Mashine ilikuwa nzito kuibeba na nzito zaidi kuiwasha. Ukibonyeza kitufe, unaweza kwenda kuoga, ukarudi ukavaa, ukakuta bado inazungusha kile kiduara chake. Shangazi hakuona tatizo. Wakati wa kusubiri alivuta kiti, akamsimulia mtoto wa kaka yake habari za mabosi aliowachapia: yule aliyeandika barua ya kujiuzulu kila mwisho wa mwezi na kuichana akishalipwa, na yule aliyelala huku akisomewa barua aliyoisema mwenyewe.

Wakili pia hakuona tatizo, ila yeye alikuwa na sababu zake. Alikuwa mwaka wa mwisho, na tasnifu yake ilikuwa na kichwa cha habari na aya moja. Msimamizi wake alipomuuliza kazi imefikia wapi, jibu lilikuwa tayari mdomoni.

"Mwalimu, kompyuta imeganda tena."

Alilisema kwa huzuni nzito, hata mwenyewe akaanza kuliamini. Bahati mbaya ni kwamba msimamizi wake alikuwa mtu mwema. Badala ya kumfokea, alimwonea huruma, akamkalisha.

"Usihangaike kutafuta mpya," alisema. "Hiyo hiyo ya zamani inafufuka. Ongeza RAM, hiyo kumbukumbu ya kufanyia kazi. Halafu toa diski ya kuzunguka, weka SSD, ile isiyozunguka. Vipande vilivyotumika vipo vingi mjini, hata mfuko wa mwanafunzi unaviweza. Ukimaliza, nijulishe."

Wakili alishukuru kama mtu aliyehukumiwa.

Hakuwa na pa kutokea. Aliacha kusuka nywele muhula mzima ili apate pesa, akawa anafunga kitambaa kichwani. Wenzake darasani walidhani ameokoka, wakaacha kumsengenya mbele yake. Pesa ilipotimia, alikwenda kwa fundi mmoja mwenye duka chini ya ngazi za jengo la maduka. Watu walimwita Chapchap, kwa utani, maana kumtafutia mteja waya mmoja kulimchukua alasiri nzima.

"Chukua hili kasha jipya, dada," Chapchap alimshawishi. "Lina taa za rangi ndani."

"Taa zinasaidia nini?"

"Zinapendeza."

"Nataka RAM."

"RAM ya aina gani? Zinatofautiana. Ya aina nyingine haiingii hata uibembeleze. Nenda ukafungue, usome maandishi kwenye ile iliyomo, uje."

Ikabidi kufungua, na hapo ndipo shangazi alipoingia kwenye mambo. Alisimama nyuma ya Wakili akiwa ameshika kiuno, akitazama skrubu zikitoka moja moja.

"Kitu kilikuja kimefungwa, wewe unakifungua," alisema. "Uzima wake umekukera?"

"Shangazi, naiongezea nguvu."

Ubavu wa kasha ukatoka. Ndani mlikuwa na vumbi limeshikana kama blanketi, na feni limevaa manyoya. Shangazi, ambaye hajawahi kulala na sufuria chafu, alivuta pumzi.

"Hilo vumbi si la nyumba hii," alisema. "Ni la ofisini. Ilikuja nalo."

Wakili alilisafisha kwa brashi ya rangi, akasoma maandishi, akarudi kwa Chapchap. Alipata vipande viwili vya RAM na diski moja ndogo, nyepesi kama pakiti ya biskuti. Kabla ya kubadilisha chochote, alihamishia barua zote za shangazi kwenye flashi, na shangazi akaivaa shingoni kwa uzi siku nzima, asije akaibiwa barua za kuomba kalamu na karatasi.

Alipochomeka RAM na kuwasha, mashine ililia pii, pii, pii. Kioo kilibaki cheusi.

"Umeiua," shangazi alisema.

"Haijafa. Inalalamika."

"Hata marehemu wengi walianza kwa kulalamika."

 Wakili alizima, akachomoa vipande, akasugua taratibu yale meno ya shaba ya kuchomekea kwa kifutio cha penseli, akavirudisha na kubana mpaka vikalia ta! Akawasha tena. Kioo kikang'aa. Akaendelea na diski na kuweka mfumo upya, na jioni haijaingia kazi ilikuwa imekwisha.

Akabonyeza kitufe kwa mara ya kwanza baada ya matengenezo. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza anavuta kiti.

"Tayari," Wakili alisema.

"Tayari nini?"

"Imewaka."

Shangazi aliishia kushika kiti hewani. "Sijakaa hata!" alisema, na usoni alionekana kama mtu aliyekatwa kauli. Akakirudisha kiti mezani, akaenda jikoni.

Wakili akabaki na tasnifu. Ilifunguka papo hapo: kichwa cha habari, aya moja, na kimstari kikipepesa. Hakukuwa tena na wa kumshtaki. Alipanga mafaili yake, akabadilisha picha ya kioo mara tatu, akagundua kwamba kiti kinamuumiza mgongo. Siku ya pili kosa lilikuwa la mwanga wa dirisha. Siku ya tatu msimamizi alimtumia ujumbe: "Imefufuka?" Akajibu ndiyo, kisha akaweka kichwa juu ya kibodi na kulia.

Shangazi alimkuta hivyo, na safari hii Wakili hakusingizia kitu chochote.

"Sijui kuandika, shangazi. Najua kusema tu."

"Mabosi wangu wote walikuwa hivyo," shangazi alisema, akavaa miwani. "Ondoka hapo. Sema, nichape."

Wakili alisema, akitembea sebuleni huku na huku kana kwamba yuko mahakamani. Shangazi alichapa kwa vidole kumi bila kutazama chini, na mashine sasa ilimfuata bila kusuasua. Ila hakuwa mpole. "Hilo umeshasema." "Nani alikuambia?" "Sentensi hii inakwenda wapi?" Walifanya hivyo kila siku baada ya chakula cha mchana, wakigombana, mpaka sura ya mwisho. Na habari za mabosi zilirudi zenyewe, maana Wakili alikaukiwa na maneno mara nyingi.

Msimamizi aliposoma kazi, alifurahi mno. Alisimama mbele ya darasa akasema, "Mnaona? Mwenzenu ameongeza RAM tu, tazameni hoja zake zilivyonyooka." Wiki hiyo wanafunzi wa sheria walijaa chini ya ngazi za Chapchap, kila mmoja akitaka kumbukumbu kama ile.

Matokeo yalipotoka, Wakili alikimbia nyumbani.

"Tumepata ngapi?" shangazi aliuliza kabla hajavua viatu.

"B, shangazi! B nzuri kabisa!"

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni lake. Alikuwa amewachapia wakurugenzi watano, alisema, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumletea hata C, sembuse B.