Shangazi Alinipaka Mafuta Miaka Mitatu

Kaka yangu Sosaia alioa Jumamosi, na asubuhi ile ile nilimuumbua shangazi yangu mbele ya wanawake wa ukoo mzima.

Sijaomba msamaha. Siombi.

Sikilizeni kwanza, halafu mnihukumu.

Naitwa Vika, wa Nuku'alofa. Kwetu Tonga dada wa baba ndiye mkubwa kuliko wote kwenye familia. Baba mwenyewe hamjibu. Shangazi Fusi akiingia, kiti unamwachia.

Miaka mitatu iliyopita nilitokwa na chunusi mbili tatu, kama binti yeyote. Shangazi akaja na chupa ya mafuta ya nazi aliyochemsha na maua mwenyewe.

"Kila siku, Vika. Kichwani, kwenye paji, mashavuni. Binti wa ukoo huu lazima ang'ae."

Nikapaka. Zikaongezeka.

Akasema sipaki ya kutosha. Nikazidisha, zikawa kama majipu.

Nikaanza kuzipiga vita. Nilisugua uso kwa kitambaa kigumu na chumvi, mara sita kwa siku. Nilizitumbua kwa kucha. Nilizipaka dawa ya meno. Ngozi ikachubuka, nikaifunika kwa poda nzito, na poda nikalala nayo.

Halafu maneno yakaanza. Kwetu binti anayecheza ngoma harusini hupakwa mafuta, na yasipong'aa mwilini watu husema ana mwanamume wa siri. Kwenye uso wangu ule yangeng'aa vipi?

Mimi? Mimi nisiyeenda hata dukani bila mama!

Mwezi mmoja kabla ya harusi Shangazi akaniondoa kwenye ngoma ya dada wa bwana harusi.

"Uso huo hauchezi mbele ya wageni. Atacheza Losa."

Losa ni binti yake. Ana ngozi laini kama ya mtoto mchanga.

Kumchezea kaka yangu wa pekee ndilo jambo nililolingoja tangu utotoni. Nililia siku nzima, kisha nikaenda zahanati. Nesi akanigusa nywele, akanusa vidole vyake.

"Haya unapaka hadi usoni?"

"Kila siku."

"Mdogo wangu, unaziba vitundu vya ngozi, halafu unaikwangua kama sufuria! Osha mara mbili kwa siku, taratibu, kwa sabuni laini. Mafuta acha. Kutumbua acha. Poda itoe kabla ya kulala. Ila usitegemee muujiza, itachukua wiki nyingi."

Nikamweleza Shangazi kwa heshima zote. Akacheka. "Huyo nesi ndiye aliyekulea?"

Mama akainamisha kichwa, akaendelea kusuka mkeka. Siku hiyo nilimkasirikia hata mama.

Asubuhi ya harusi wanawake tukakusanyika kumvika Losa. Akafungwa nguo ya magome ya mti, akachomekwa manyoya kichwani. Shangazi akammiminia mafuta. Mikono. Miguu. Shingo.

Akafunga chupa.

"Shangazi, umesahau uso," nikasema. Haki ya Mungu nilidhani amesahau.

"Inatosha hapo."

Losa, maskini, hana hila. Akanijibu yeye: "Mama hanipakagi usoni, Vika. Tangu zamani. Anasema yatanitoa chunusi."

Damu ilinipanda hadi masikioni. Miaka mitatu!

"Basi mpake leo," nikasema. "Hapa, wote tuone. Kwenye paji na mashavuni, binti wa ukoo ang'ae."

"Vika, unajua unaongea na nani?"

"Najua, Shangazi. Ndiyo maana naomba. Mpake."

Mkono wake ulibaki juu ya kifuniko. Haukufungua.

Losa alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Akaanza kuchomoa manyoya kichwani, moja moja.

"Kaka wa tumbo moja ni wake. Acheze yeye."

"Losa!"

"Sichezi, mama."

Nilicheza na chunusi zangu zote, bila poda. Nilikuwa na hasira mpaka machozi yakanitoka, na sikuyafuta. Sosaia naye akalia, akidhani ni furaha.

Shangazi alikaa kiti cha mbele kabisa. Hakuna aliyethubutu kumhamisha.

Dada zangu, chunusi si dhambi, wala si uchafu wa kusuguliwa kwa chumvi. Na kikulacho ki nguoni mwako. Mtu akikuletea kitu cha kupaka usoni, kabla hujafungua chupa, muulize mwanawe anampaka nini.