Nyota Iliyokwisha Kuvunjika

Delbert Okerlund alikuwa mkaguzi wa nafaka kwenye maghala ya mji wetu, huku Minnesota. Alipostaafu alibaki na darubini aliyoiunda mwenyewe nyuma ya banda la trekta, na kiu moja: kuona nyota yenye mkia ambayo haijaonwa na mtu. Mwaka jana aliipata, ikapewa jina lake kama ilivyo desturi ya wanaastronomia. Mji mzima ukavimba kichwa, utadhani tuliitafuta sote.

Majira ya baridi yalipokwisha, nyota ile ililikaribia jua ikamomonyoka. Delbert aliiona alfajiri moja: kichwa hakuna, limebaki vumbi tu kama unga uliomwagika. Lakini mimi naendesha projekta kwenye jumba la nyota la mji, ambamo picha ya anga huonyeshwa kwenye dari la kuba, na programu yetu haikuwa na habari. Yenyewe hupiga hesabu ya njia na mng'ao, basi. Kwenye kuba nyota iliendelea kupaa, mkia mrefu, nzima kabisa.

"Marlys, iondoe," Delbert aliniambia.

Nilimwita mkurugenzi wetu, Craig.

"Iondolewe vipi?" Craig akasema. "Jumamosi meya anakuja kuisherehekea nyota yako, keki imeshapambwa. Tulia, mzee, upigiwe makofi."

"Makofi ya nini? Nimeganda na baridi miaka yote hiyo ili niseme nilichokiona, siyo nilichotamani. Sasa unanifanya mwongo mbele ya wajukuu zangu?"

"Nani atajua, bwana?"

"Mimi najua."

Craig akacheka. Nimevumilia mengi ya Craig, ila kicheko kile kilinichoma. Mtu anakuambia mpendwa wake kafa, wewe unamchekea! Lakini nami niliiacha nyota ilivyo, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nilizima taa, nyota ikachomoza, jina OKERLUND pembeni yake, na makofi yakalipuka. Delbert akasimama. Wakadhani anataka kushukuru.

"Hiyo siyo yangu," akasema kwa hasira. "Yangu ilivunjika. Nilikuwepo. Niliiangalia mpaka hakuna cha kuangalia. Nyinyi mnapigia makofi picha." Akanigeukia. "Marlys, kama hamtaki kuitoa, futa jina langu."

"Usiguse," Craig akanong'ona nyuma yangu.

Nikalifuta.

"Lirudishe."

"Rudisha mwenyewe."

Akainamia mitambo, akahangaika na vibonye, hakujua hata kimoja. Makofi yalikuwa yamekwisha. Delbert akachukua kofia yake, akapita katikati ya watu, na mkewe Inez akamfuata bila kumuaga meya. Juu ya vichwa vyetu nyota ile ikaendelea kupaa na mkia wake mzuri, na hakuna aliyejua tena ni ya nani.